HAKI YAKE MPENI



Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 tuliendesha semina ya elimu ya uraia katika ukumbi wa parokia moja ya vijijini. Siku ya pili tuliwaomba washiriki jambo moja dogo. Kila mmoja aandike katika kipande cha karatasi jina la kiongozi mmoja aliye hai, ambaye misimamo yake ya kisiasa haikubali hata kidogo, lakini ambaye ana sifa moja ambayo angependa watoto wake waige. Kisha aitaje sifa hiyo. Hatukutaka mtu yeyote aandike jina lake mwenyewe.

Karatasi nyingi zilirudi tupu. Nyingine zilikuwa na majina ya marehemu, ingawa tulisema wazi kwamba tunataka walio hai. Chache sana zilijibu swali. Na wakati wa chai mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mweka hazina wa jumuiya yake, alimjia mmoja wetu faraghani akaomba arudishiwe karatasi yake. Alipoipata aliichana vipande vipande, akavitia mfukoni. "Mwandiko wangu unajulikana," alisema.

Mzee huyo hakuwa ameandika tusi wala uchochezi. Alikuwa ameandika kwamba mtu fulani wa chama asichokipenda ni mwaminifu. Kwa sentensi hiyo moja aliogopa kuonekana msaliti mbele ya majirani wanaomkabidhi fedha zao bila woga. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: ni taifa gani hili tunalolijenga, ambamo kumtukana mpinzani ni ushujaa, na kumpa haki yake ni jambo la kufichwa mfukoni?

1. UGONJWA WENYEWE

Wahenga wetu walituachia neno zito: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunalitamka mara kwa mara bila kulitafakari. Neno hili halisemi kwamba ubishi uishe, wala kwamba washindani wakumbatiane na kusahau wanachogombania. Linakubali kwamba mapambano yapo, hata mapambano makali. Linachokataa ni kwamba mapambano yatufanye wezi wa sifa ya mtu. Sifa ambayo mtu ameistahili kwa matendo yake ni mali yake kama lilivyo shamba lake. Anayemnyima kwa sababu ya chama chake amemdhulumu.

Ndiyo maana tunalihesabu jambo hili kuwa suala la haki, wala si suala la adabu njema tu. Wapo wanaodhani kwamba Tume kama yetu ishughulike na ardhi, mishahara ya wafanyakazi na mahabusu waliosahauliwa gerezani, iache mambo ya nani anamsifu nani. Tunawajibu kwamba mambo haya yana mzizi mmoja. Mtu asiyeweza kuona jema lolote kwa jirani wa chama kingine hataona ubaya jirani huyo akinyimwa mbolea ya ruzuku, akikatwa jina katika orodha ya wapiga kura, au akipelekwa kituoni bila kosa. Kwanza tunamnyang'anya mtu sifa zake, kisha tunamnyang'anya ubinadamu wake. Baada ya hapo lolote linaweza kumpata, nasi tukaendelea na shughuli zetu.

2. KADI ILIBADILIKA, MTU NI YULE YULE

Tutoe mfano ambao kila mtu mzima katika nchi hii anaukumbuka. Mwezi Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu Uwaziri Mkuu, baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kutoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Kwa miaka saba iliyofuata viongozi wa upinzani walimtaja majukwaani kama mfano wa ufisadi, na wengi katika chama chake mwenyewe walimtetea kama mchapakazi aliyeonewa. Mwezi Julai 2015 Lowassa alihamia CHADEMA, akawa mgombea wake wa urais, akapata karibu asilimia 40 ya kura.

Kumbukeni yaliyotokea ndani ya wiki chache tu. Midomo iliyomwita fisadi ilianza kumwita mkombozi, na ile iliyomwita mchapakazi ikaanza kumwita fisadi. Mwezi Machi 2019 alirudi CCM, na wimbo ukageuka tena. Alipofariki Februari 2024 wote walikusanyika kumsifu.

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, na Mungu peke yake ndiye ajuaye mioyo. Tunaandika ili kujihukumu sisi. Ni ushahidi gani mpya uliopatikana kati ya Juni na Agosti 2015? Hakuna. Kilichobadilika ni rangi ya kadi. Basi yatupasa kukiri kwamba sifa zetu na lawama zetu, kwa sehemu kubwa, hazikuwa zinamhusu mtu wala matendo yake. Zilikuwa sare za timu, ambazo mchezaji huvua na kuvaa nyingine pindi anaposajiliwa upande wa pili.

Wapo wachache waliokataa mchezo huo. Dkt. Wilbrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA na aliyeyasoma majina ya watuhumiwa wa ufisadi hadharani pale Mwembe Yanga mwaka 2007, aliona kwamba hawezi kuyameza maneno yake, akajiondoa chamani mwaka ule ule wa 2015. Mtu anaweza kuukubali uamuzi wake au kuukataa, na hata kuyapinga mengi aliyoyafanya baadaye. Lakini hapo tuliona kipimo kimoja kikitumika kabla na baada. Kipimo cha namna hiyo ni adimu.

3. MWALIMU NA WALE ALIOWAUMIZA

Sisi wenyewe tunayo sababu ya pekee ya kulisema jambo hili, maana tumefundishwa nalo katika historia yetu. Mwaka 1969 serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilizitaifisha shule nyingi zilizokuwa chini ya makanisa. Mapadre, masista na waamini waliochangia mawe na mchanga kuzijenga waliona kazi ya mikono yao ikihamia mikononi mwa dola. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa haki, kwa kuwa mtoto wa dini yoyote alistahili dawati. Wapo waliouona kuwa dhuluma. Mabishano hayo hayajaisha hata leo.

Na hayo si makali kuliko yote. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962 iliwafunga wananchi bila kuwafikisha mahakamani. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto nyuma yao. Wazee wetu walioyashuhudia hayo wapo bado, na hawahitaji kitabu cha kuwakumbusha.

Hata hivyo, mwaka 2005 ni Kanisa hilo hilo, kupitia Jimbo la Musoma, lililoanza mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa Mwenye Heri. Je, Kanisa limesahau shule zake? Halijasahau. Je, limegeuka kuwa la kijamaa? Halijageuka. Limetambua tu kwamba mtu aliyeshika madaraka makubwa kwa zaidi ya miaka 20, akayaachia kwa hiari mwaka 1985, na akaondoka bila utajiri, amefanya jambo ambalo hata asiyekubali siasa yake hana budi kusimama na kuliheshimu. Hukumu ya mwisho ya mchakato huo tunaiacha kwa wenye mamlaka nayo. Tunachokitetea hapa ni uhuru wa kusema mambo mawili kwa pumzi moja: alikosea pale, na alikuwa mkuu hapa.

Tunawaona leo watu wa aina mbili wanaomdhulumu Mwalimu. Wa kwanza ni wale wanaomfanya kuwa sanamu, hata ukitaja kizuizini au kijiji kilichochomwa unaitwa msaliti wa taifa. Wa pili ni wale ambao, kwa kuwa wanauchukia ujamaa, hawawezi kukiri kwamba mtu huyo hakuiba. Wote wawili wana ugonjwa mmoja: hawawezi kuushika ukweli wenye pande mbili.

Mwalimu mwenyewe aliujua ugonjwa huu. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kiitwacho Tujisahihishe aliwakemea wana-TANU wenzake waliopima maneno kwa kumtazama msemaji badala ya kuyapima yaliyosemwa. Miaka 30 baadaye nchi yake ilipewa nafasi ya kuonyesha kama somo limeeleweka. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo Tume ilipendekeza vyama vingi, ikiona kwamba sauti ya wale wachache haikufaa kuzimwa, na kuanzia Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria. Kwa hiyo mfumo huu tulio nao ulizaliwa kwa heshima kwa walio wachache. Ni aibu kubwa kwamba tumeutumia kujifunza kudharauliana.

4. SHUJAA MWENYE DOA

Watu huuliza: "Na kama mpinzani huyo amesema maneno mabaya kweli kweli? Tumsifu naye?" Swali hili ni la haki, nasi hatutalikwepa.

Mchungaji Christopher Mtikila alitumia majukwaa yake kuwashambulia kwa maneno Watanzania wenye asili ya Asia. Maneno yale yalikuwa sumu. Yalimfanya mwananchi ajione mgeni katika nchi aliyozaliwa, na hakuna namna ya kuyapamba. Tunayakataa leo kama yalivyostahili kukataliwa siku yalipotamkwa.

Lakini Mtikila huyo huyo alikwenda mahakamani kudai kwamba raia asiye na chama ana haki ya kugombea uongozi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, na Bunge likabadili Katiba ili kuifunga njia hiyo. Alirudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2010. Hakukata tamaa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama kulivunja haki zake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, na hadi uchaguzi wa mwaka 2025 aliyetaka kugombea bado alilazimika kuwa na chama.

Tazameni basi. Mtu ambaye mdomo wake ulibagua, miguu yake ilitembea karibu miaka 20 kuitafutia haki kila mtu asiye na kadi, na miongoni mwao wamo hata wale aliowabagua. Tukimsifu kwa ubaguzi tumepotea. Tukikataa kumsifu kwa uvumilivu wake mahakamani kwa sababu ya ubaguzi wake, tumemdhulumu, na tena tumejinyima somo. Haki ni kusema yote mawili, kila moja kwa jina lake.

Wenye imani wanaukumbuka mfano mkubwa kuliko huu. Yesu alimsifu akida wa Kirumi, afisa wa jeshi lililoikalia nchi yake kwa mabavu, akasema kwamba imani kama ile hakuiona hata kwa watu wake. Hakuusifu utawala wa Kirumi. Hakumwambia mtu yeyote aupende. Alimsifu mtu kwa kile alichokuwa nacho, mbele ya umati ambao bila shaka haukufurahia kusikia.

5. HOJA ZA WANAOTUPINGA

Tunazijua hoja zinazotolewa dhidi yetu, nasi tutazijibu zilizo na uzito.

Hoja ya kwanza ni ya kale: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanasema ukimsifu kiongozi, hasa wa upande wa pili, atavimba kichwa na kuharibu. Ni kweli kwamba sifa za jumla huharibu. "Jembe letu," "chuma," "mama yetu," "kamanda": hizo ni nyimbo tu, wala hazimwambii mtu alichofanya vema. Lakini sifa yenye kutaja tendo humfunga aliyesifiwa. Ukimwambia diwani, "Tunakuheshimu kwa kuwa ulibandika hesabu za mradi wa maji ukutani ili kila mtu azisome," umemwekea kipimo, na mwaka ujao akizificha utamuuliza. Mgema aliyesifiwa kwa tembo lisilo na maji anajua kwamba wanywaji wanalionja.

Hoja ya pili ni ya asali. Mnalijua neno hilo. Machi 2022 Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alitoka mahabusu baada ya mashtaka ya ugaidi kuondolewa, na siku hiyo hiyo akaonana na Rais Samia Suluhu Hassan Ikulu. Tarehe 8 Machi 2023 Rais alikwenda Moshi kama mgeni katika sherehe ya Siku ya Wanawake iliyoandaliwa na wanawake wa CHADEMA. Wengi wetu tulishangilia. Na papo hapo wakatokea waliosema kwamba viongozi wa upinzani wamelambishwa asali. Kisha yakafuata mengine. Aprili 2025 Tundu Lissu, Mwenyekiti mpya wa chama hicho, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila chama chake, na damu ya wananchi ikamwagika mitaani.

"Mnaona?" wanatuambia. "Zile tabasamu za Moshi zilikuwa mtego, na ninyi mliozisifu mlikuwa wajinga."

Tunajibu kwa unyenyekevu, lakini kwa uthabiti. Siku ile mtawala alikwenda kuketi katika hadhara ya wapinzani wake, na mtu aliyetoka mahabusu alimpokea bila kisasi. Matendo hayo yalikuwa mema siku yalipotendwa. Yaliyofuata hayawezi kurudi nyuma na kuyafanya yawe mabaya. Na matendo hayo mema hayawezi kusonga mbele na kuyafunika yaliyofuata. Anayesema, "Nilimsifu mwaka 2023, kwa hiyo sasa nitanyamaza juu ya waliouawa mwaka 2025," huyo ndiye aliyelamba asali kweli. Na anayesema, "Kwa sababu ya 2025 hapakuwahi kuwa na jema lolote," anatufungia mlango wa kutoka, kwa maana siku tutakapotaka kupatana tutahitaji kukumbuka kwamba iliwahi kuwezekana.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanaweza kutufundisha hapa. Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano ya wafuasi wa CUF, Amani Abeid Karume akiwa Rais wa Zanzibar. Novemba 2009 Karume huyo huyo na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuafikiana. Julai 2010 wananchi waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa kura ya maoni, zaidi ya asilimia 66 wakisema ndiyo, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao visiwa hivyo havikuwa vimeuzoea. Hakuna aliyeacha chama chake. Maalim hakusema kwamba waliokufa hawakufa. Makubaliano yale yaliyumba baadaye, na uchaguzi wa mwaka 2015 ulipofutwa maumivu yalirudi. Lakini Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye vifo na manung'uniko mengi, mzee yule alikubali tena kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wapo waliomlaani kwa uamuzi huo. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye, tarehe 17 Februari 2021, alifariki, na waliomwita kila jina baya kwa miaka 25 wakapanga foleni kusema kwamba alikuwa mtu wa amani.

Hapo ndipo uchungu wetu unapozidi. Kama alikuwa mtu wa amani, alikuwa hivyo hata akiwa hai. Sifa hiyo ingemfaa wakati akiwa anazuiwa kufanya mikutano, na ingewafaa wafuasi wake waliopigwa. Tumekuwa taifa la kusifu majeneza. Marehemu hana kadi, wala hagombei, kwa hiyo kumsifu hakutugharimu kitu.

6. MWENYE NGUVU AANZE

Hata hivyo tusiwe watu wa kugawa lawama nusu kwa nusu pale ambapo mizani haiko sawa. Hoja ya tatu tunayoisikia ni hii: "Mnatuambia sisi tulio chini tuwasifu walio juu, wakati wao wana polisi, redio na mahakama." Hoja hii ina ukweli, nasi tunaipokea.

Mwenye dola akimdharau mpinzani, dharau yake huteremka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi huongeza ukali wake. Waziri akisema kwa mzaha kwamba wapinzani ni wahuni, mkuu wa wilaya huwachukulia kuwa wahalifu, na mgambo wa kijiji huwachukulia kuwa watu wasio na haki ya kulalamika. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, aliyekuwa Mbunge na Mnadhimu Mkuu wa kambi ya upinzani, alipigwa risasi nyingi mchana kweupe nyumbani kwake Dodoma. Hakuna aliyetiwa hatiani mahakamani kwa tendo hilo. Hatumtaji aliyefanya, kwa kuwa hatumjui. Lakini tunayajua tuliyoyaona katika jumuiya zetu siku zile: watu wema walisita kumwombea kwa sauti, wakihofu kwamba sala ya kumwombea majeruhi ingesikika kama kura. Jumuiya ikifika hapo, hofu imeshika nafasi ya imani.

Na kwa haki ile ile tunasema kwa upande wa pili. Machi 2021 Rais John Magufuli alipofariki, wapo walioshangilia. Wengine walikuwa wameumizwa kweli, kwa kuwa katika utawala wake mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa na wakosoaji wake waliteseka. Jeraha lao tunalitambua. Lakini kushangilia kifo cha mtu hakumrudishii mfungwa hata siku moja ya uhuru wake. Iliwezekana kumpinga kwa nguvu zote na bado kukiri kwamba mwanamke mjamzito katika zahanati ya kijijini alihudumiwa kwa heshima zaidi pale mtumishi alipoacha kuchelewa kazini.

Basi wajibu ni wa wote, lakini haulingani. Mwenye nguvu aanze, kwa sababu sifa anayoitoa kwa mpinzani haimgharimu mengi, na dharau yake inaweza kuua. Mkuu wa wilaya anayesimama mbele ya watu na kusema, "Mwenyekiti yule si wa chama changu, lakini hesabu zake ni safi," amewalinda raia wengi kuliko askari kumi.

7. TUNACHOTAKA

Hatutaki siasa bila ubishi. Ubishi juu ya ardhi, kodi, Muungano na Katiba Mpya ni wa lazima, na anayetuomba tunyamaze kwa jina la umoja anaomba utulivu wa makaburini. Tunataka wabishi wenye macho mawili.

Kwa hiyo tunawaomba mzingatie mambo matatu kila mnapomsifu mtu msiyekubaliana naye. Kwanza, litajeni tendo lenyewe, hasa tendo lililomgharimu, wala si ufasaha wake wa kusema au wingi wa watu mikutanoni kwake. Pili, msiufiche msimamo wenu. Semeni pale mnapompinga, ili sifa yenu isigeuzwe kuwa tangazo la chama chake. Tatu, na hili ndilo gumu, kitumieni kipimo hicho hicho kwa watu wenu. Anayemsifu mpinzani kwa uaminifu kisha akamfichia wizi wa mtu wa chama chake hajasifu uaminifu. Amecheza tu.

Tunamkumbuka yule mzee na vipande vyake vya karatasi. Hatukuwahi kulijua jina aliloliandika, wala hatulitafuti. Lakini tumeamua kwamba kila semina yetu tangu sasa itaanza na swali lile lile, na sisi wanakamati tutakuwa wa kwanza kusimama na kujibu kwa sauti, kwa majina yetu, mbele ya watu wa vyama vyote. Hatuwezi kumwomba mzee awe jasiri kuliko sisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni kiongozi gani aliye hai ambaye siasa yake unaipinga, na ni tendo gani lake unaloliheshimu? Kama huwezi kumtaja, ni nini kinachokuzuia: humwoni, au unaogopa?

2. Je, katika jumuiya yetu yupo mtu aliyetengwa, kunyimwa msaada au kutoombewa kwa sababu ya chama chake? Tutafanya nini juma hili?

3. Mtajeni mmoja mliyemsifu zamani na mnayemlaumu leo, au kinyume chake. Ni yeye aliyebadilika, au ni kadi?